Taka za sumu na taka za mionzi: yasemwayo na yalivyo

Jirani yangu hapa Madungu, Chake Chake, hununua vyuma chakavu. Mwezi uliopita nilimkuta mwanawe wa miaka 12 kachutama mbele ya jiko la mkaa, sufuria ina risasi ya betri ya gari, anaimimina kwenye vishimo vya mchanga ipate kuwa chubwi za nyavu. "Ami, inayeyuka upesi, hata moto mkubwa haitaki," akaniambia. Ni kweli. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na mkaa wa kupikia hulifikia joto hilo bila taabu. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la kijivu, na mkono wa pili kashika andazi.

Nilipomwambia babake, akanijibu: "Sheikh, cha hatari ni mionzi, na mionzi iko Ulaya. Hii betri tu."

Jibu hilo nimelisikia kwa watu wengi, na lina makosa mawili.

"Betri tu." Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa ni salama. Kwa mtoto, madhara yake huanzia kwenye ubongo, kimya kimya: darasani anasahau, anashindwa kutulia, na sisi tunamwita mtundu. Taka huwa hatarishi hata isipokuwa na mionzi yoyote. Asidi ya betri, mafuta machafu ya gereji, taa za mrija zenye zebaki, sindano zilizotumika, zote zimo.

"Mionzi iko Ulaya." Wajenzi wa barabara wana kipimo cha kubeba mkononi cha kujua kama udongo umeshindiliwa sawasawa. Vingi vya vipimo hivyo vina sesiamu-137 na amerisiamu-241 ndani yake, vitu viwili vinavyotoa mionzi. Kifaa kama hicho kikiibiwa au kikisahauliwa stoo, safari yake huishia kwenye mzani wa vyuma chakavu. Mwaka 1987, katika mji wa Goiânia, Brazil, watu wawili waling'oa kifaa cha tiba kwenye kliniki iliyohamwa wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu unaong'aa buluu gizani. Watu waliupenda, wakagawana, wengine wakajipaka. Wanne walikufa, akiwemo mtoto wa miaka 6, na watu 249 walikutwa na unga huo kwenye nguo, kwenye ngozi au ndani ya miili yao. Hapakuwa na mtambo wa nyuklia pale. Palikuwa na mzani, nyundo na watu wasioambiwa kitu.

Mashine ya eksirei ni jambo jingine. Hiyo hutoa mionzi pale tu inapowashwa; ukikata umeme, mionzi imekwisha, na chumba hakibaki na kitu.

Wengine husema: "Ichome moto, yaishe." Moto hauna nguvu juu ya mionzi. Ukichoma kitu chenye sesiamu, sesiamu inabaki vilevile, ila sasa imo kwenye jivu na moshi, na moshi hauna mwenyewe. Kinachopunguza mionzi ni muda, na kila aina ina muda wake. Teknetiamu-99m ya vipimo vya hospitali hupungua nusu kila saa 6, kwa hiyo taka zake hufungiwa chumbani siku chache tu. Iodini-131 huchukua siku 8. Sesiamu-137, miaka 30 kupungua nusu, na nusu nyingine bado ipo.

"Basi chimba shimo uzike." Aliyewahi kuchimba choo upande wa Micheweni, au Makunduchi kule Unguja, anajua ardhi yake. Ni maweni, jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja bila kuchujwa na udongo wa maana. Na maji hayohayo ndiyo tunayoyachota visimani. Kuzika asidi huko ni kuimimina kisimani kwa njia ya mzunguko.

"Hayo ni ya baraza la mji." Baraza linazoa taka za majumbani na za sokoni. Taka hatarishi ziko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar Namba 3 ya 2015, iliyounda mamlaka ya mazingira, ZEMA. Vyanzo vya mionzi viko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, kwa Sheria Namba 7 ya 2003. Tume hiyo ina ofisi Zanzibar, na vyanzo vilivyokwisha kazi huhifadhiwa ghala maalumu Arusha. Kwa hiyo hakuna sheha wala diwani awezaye kuruhusu kitu cha mionzi kitupwe jaani. Lakini sheha ndiye wa kwanza kuletewa habari, na kwa maoni yangu ndiye angefundishwa kwanza, yeye na wenye mizani.

Nimemchorea jirani yangu ile alama ya mionzi: duara dogo jeusi katikati na mapanga matatu, juu ya rangi ya manjano. Nikamwambia, ukiiona usipige nyundo, usifungue, wasogeze watu mbali, piga simu. Kaibandika juu ya mzani. Kijana akaitazama akasema, "Kama pangaboi, Ami."

Sufuria bado ipo pembeni ya jiko. Nitakwenda tena Ijumaa baada ya sala.