Uhuru wa kitaaluma: katiba ya jirani haikulindi ukiwa Tanzania

Ofisi yetu ya elimu ya sheria inaendelea kupokea malalamiko ya aina moja kutoka kwa wanafunzi wa uzamili na wahadhiri. Mtu amezuiwa kuchapisha, au ameitwa kujieleza kwa sababu ya andiko lake, naye anakuja kwetu ameshika Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya, inayolinda uhuru wa kujieleza. Tukimuuliza tukio limetokea wapi, anajibu Dodoma.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa maoni, na haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi. Kinachovuka mpaka hapo ni habari. Ulinzi wa jirani hauji nayo. Ukiandika ukiwa Tanzania, unalindwa na kubanwa na sheria za Tanzania. Jambo hili tumelieleza mara nyingi mno na lisingepaswa kubaki na utata.

Tofauti kati ya nchi hizi zipo kweli. Ibara ya 33 ya Kenya inautaja uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi waziwazi, kisha inaziweka nje ya ulinzi huo propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu na matamshi ya chuki. Uganda, katika Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995, imeuweka uhuru wa taaluma pamoja na uhuru wa mawazo, dhamiri na imani, wala si kwenye aya ya uhuru wa kusema. Katiba yetu haiutaji kwa jina. Mhadhiri wa hapa anaegemea Ibara ya 18 na kanuni za chuo chake. Azimio la Dar es Salaam la Aprili 1990, lililotungwa na wanataaluma wenyewe, tunaliheshimu sana, lakini si sheria. Msiliambatishe kwenye hati za madai kana kwamba Bunge lililipitisha.

Hata hivyo, kutajwa kwenye katiba si kinga. Dkt. Stella Nyanzi, aliyekuwa mtafiti wa Makerere, alihukumiwa kifungo mwaka 2019 kwa alichoandika mtandaoni, hadi Mahakama Kuu ya Uganda ilipofuta hukumu hiyo Februari 2020. Uganda hiyo hiyo, mwaka 2004, Mahakama ya Juu ilibatilisha kosa la kuchapisha habari za uongo. Kenya ilibatilisha kashfa ya jinai mwaka 2017.

Kwetu, bado tunaambiwa kwamba kutoa takwimu zinazopingana na za serikali ni jinai. Kifungu hicho kiliingizwa kwenye Sheria ya Takwimu mwaka 2018 na kikaondolewa mwaka 2019. Tafadhali, acheni kutishana nacho. Inatuuma kuona tasnifu nzuri inafichwa kabatini kwa hofu ya kifungu kilichokwisha kufa. Kilicho hai ni kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: ukichapisha taarifa unayojua ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma, faini haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.

Vibali vya utafiti navyo vina mipaka. Cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kinaishia Namanga, mpakani na Kenya. Ukivuka, unaomba cha NACOSTI, tume ya sayansi ya Kenya.

Sasa utaratibu. Shauri la haki za msingi hufunguliwa Mahakama Kuu, na marekebisho ya 2020 yaliweka sharti la kuambatisha hati ya kiapo inayoonyesha jinsi ulivyoathirika wewe binafsi. Kenya, Ibara ya 22 inaruhusu kufungua kwa niaba ya wengine au kwa maslahi ya umma, bila ada ya kufungulia. Kuna pia Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, ambayo Machi 2019 ilikuta vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Mahakama hiyo haikulazimishi kumaliza kwanza rufaa za ndani, na hapo ndipo wengi wanapopoteza haki yao: wanasubiri rufaa, na muda unakwisha. Muda wenyewe ni miezi miwili, tangu uamuzi utolewe au tangu ulipoujua. Barua ya zuio uihifadhi pamoja na bahasha yake yenye muhuri wa tarehe, na siku uliyoipokea uiandike siku hiyo hiyo.