Kichurachura Hakimfundishi Mtoto Karate

Kila Januari shule zinapofunguliwa, wazazi wa Mbeya na Iringa huniuliza wampeleke wapi mtoto akajifunze karate, na sababu huwa ileile: "Mwalimu, huyu wangu mtundu mno, nataka wakamnyooshe." Kazi yangu ni kuwafundisha walimu watarajiwa wa elimu ya michezo huku Nyanda za Juu Kusini, na hilo neno kunyoosha hunikosesha raha. Mtoto aliyepelekwa kunyooshwa huingia ukumbini kama mtu anayekwenda kutumikia adhabu. Mwalimu naye akilipokea neno hilo kama lilivyo, ataanza kutafuta fimbo.

Jioni moja ya Juni, jijini Mbeya, nilikaa pembeni nikitazama darasa la watoto wa miaka sita hadi tisa. Anayeijua Mbeya ya Juni anajua saruji inavyouma nyayo jua likianza kuzama. Mtoto mmoja alimcheka mwenzake aliyeteleza. Mwalimu akasimamisha mazoezi, akamwamuru aruke kichurachura raundi tatu kuuzunguka ukumbi. Kimya kikatanda kweli. Lakini haikupita hata robo saa, mwalimu yuleyule akataka kuwajenga watoto miguu kwa ajili ya mateke, na zoezi alilochagua likawa kichurachura. Nyuso zikabadilika. Aliyekuwa karibu nami akamnong'oneza mwenzake, "Tumefanya nini?" Zoezi zuri la mapaja lilikuwa limeshageuka kiboko, na mwalimu hakuliona hilo.

Wiki chache baadaye, Iringa, nilikuta watoto wa umri huohuo wanacheza rede. Ndiyo, rede ile ile ya mitaani, wawili wanarusha mpira wa soksi na wa katikati anakwepa. Mwalimu alikuwa ameongeza masharti yake. Anayekwepa ainue mikono kulinda uso na asipishanishe miguu. Akipigwa, anamwinamia aliyempiga, kisha anatoka. Na mwalimu akisema "yame", amri ya kusimama, kila mtu anaganda alipo hata kama mpira uko hewani. Vicheko vilikuwa vya kuziba masikio. Ghafla, "Yame!" Nilichosikia baada ya hapo ni bati moja la paa likigongwa na upepo. Mtoto mwenye hofu hunyamaza kwa urahisi. Hawa walijizuia katikati ya raha, na hiyo ndiyo nidhamu watakayoihitaji siku ngumi itakapokuwa imeshaanza safari kuelekea usoni kwa mwenzao.

Waasisi wa michezo hii walilijua jambo hili mapema. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo Tokyo mwaka 1882 katika chumba cha mikeka 12 hekaluni, alikuwa mwalimu. Mbinu za hatari aliziondoa kwenye mazoezi ya kupambana huru, akasisitiza wanafunzi wajue kwanza kuanguka bila kuumia. Kwa masharti hayo vijana waliweza kukabana kwa nguvu zao zote na kesho yake wakarudi wazima. Kule Okinawa, kisiwa cha Japani, Anko Itosu alipoingiza karate mashuleni mwanzoni mwa miaka ya 1900, alitunga kata tano fupi, yaani mifululizo ya mapigo na hatua iliyopangwa, ili wanafunzi wazimudu. Hakungoja watoto wawe watu wazima kwanza.

Kuna mahali ambapo mchezo haufiki, na hapo sina mzaha. Mtoto asipige kichwa cha mwenzake, hata kwa utani. Asiendelee baada ya "yame". Alichojifunza asiende kukijaribu kwa mdogo wake nyumbani. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha, ndizo zinazorefuka. Zikiumia vibaya, kiungo kinaweza kukua kimepinda. Kwa hiyo hakuna kuvunja mbao, wala kuviringisha viungo kwa nguvu. Anayevunja sharti mojawapo kati ya haya akae pembeni dakika chache, aelezwe kosa lake kwa sauti ya chini, kisha arudi kundini. Hiyo inatosha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtendea mtoto ukatili, na gi nyeupe, yaani vazi la karate, na mkanda mweusi havimwondoi mwalimu ndani ya sheria hiyo.

Walimu wenzangu, mtoto wa miaka sita hawezi kurudia ngumi ileile nusu saa nzima. Badilisha kila baada ya dakika chache. Anza na "simama, kaa, ruka ruka ruka" mpaka miili ipate joto, na huku kwetu Juni na Julai joto hilo linachelewa, msiwavue masweta mapema. Ingiza kata wakati akili bado mbichi. Malizia kwa mchezo, na mchezo huo usiufute kwa sababu ya kosa la mtoto mmoja.

Mzazi, mikanda isikuharakishe. Mtoto anayepanda mkanda kila baada ya miezi miwili huenda anapandishwa na ada yako. Kabla hujalipa, omba ukae utazame kipindi kizima, usikilize kama kuna kicheko na kama kicheko hicho kinakoma mwalimu anapotaka. Ukiambiwa wazazi hawaruhusiwi kuona, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani.