Boriti za Wales hazikutoka melini
Katika nyumba nyingi za kale za Wales, mgeni huonyeshwa boriti zilizopinda na kuambiwa ni mbao za meli iliyovunjwa. Hadithi tamu, ila nyumba kadhaa kati ya hizo ziko milimani, mbali na pwani. Mafundi walitafuta mwaloni uliojipinda wenyewe msituni, wakaupasua katikati, wakapata miguu miwili pacha ya kubeba paa. Waliuchonga ungali mbichi. Pete za ukuaji wa mti zilizo ndani ya mbao za Hafodygarreg, nyumba ya kale katika jimbo la Powys huko Wales, zimeonyesha nyumba hiyo ni ya mwaka 1402. Na yale matundu matupu kwenye boriti, yanayodhaniwa kuwa ya meli? Mara nyingi ni alama za ukuta wa mbao uliong'olewa, au boriti ilitoka nyumba nyingine.