Siri iko kisogoni

Wakisikia nashona mavazi ya jukwaani, vijana huniuliza habari za Rey Mysterio, mwanamieleka wa kinyago: kile kinyago mbona hakimtoki? Basi geuza kinyago utazame kisogoni. Vinyago vya lucha libre, mieleka ya Meksiko, vimepasuliwa nyuma na kufungwa kwa kamba zinazopishana kwenye matundu, kama kiatu cha shule. Unavuta, kitambaa kinabana mashavu na kidevu, unapiga fundo.

Undugu huo na kiatu si wa bahati. Mwaka 1934 mwanamieleka wa kigeni aitwaye Mackey alimwendea Antonio Martínez, fundi viatu mwenye asili ya León, mji wa ngozi huko Meksiko, akataka kitu cha kufunika kichwa kizima. Cha kwanza kilishonwa kwa ngozi ya mbuzi. Mteja hakukipenda. (Nani kati yetu mafundi hajarudishiwa kazi?) Leo tunatumia vitambaa vinavyovutika, ila kamba zimebaki.

Na mchezo wenyewe umening'inia kwenye kamba hizo. Kumvua mwenzako kinyago katikati ya pambano ni kosa, unaondolewa. Ndiyo maana rudos, yaani wakorofi, huchokonoa fundo refa akigeuka, huku técnicos, wanaofuata kanuni, wakishangiliwa. Njia halali ni dau: kinyago changu kwa chako, na asiye nacho huweka nywele zake.

Aliyeshindwa hufunguliwa kamba palepale ulingoni. Hutaja jina lake la kuzaliwa, mji wake na miaka aliyopigana, kisha kinyago kinakwenda kwa mshindi. Ndivyo mwanamieleka Black Shadow alivyogeuka Alejandro Cruz mbele ya watu, Novemba 7, 1952, mikononi mwa mpinzani wake El Santo. Mkongwe wa Meksiko anatarajia uso ukishaonekana usifichwe tena. Rey Mysterio alipoteza chake Marekani mwaka 1999, akakivaa upya 2002. Kibiashara namwelewa, kikanuni hapana.

El Santo hakuwahi kupoteza chake. Januari 1984, akiwa amestaafu, alikiinua kidogo kwenye kipindi cha televisheni, uso ukaonekana nusu. Februari 5 akafariki, akazikwa amekivaa, kile cha rangi ya fedha.