Lokali ya jana itupe: uongo tunaoaminishana kuhusu faili la Revit la timu

Kila ofisi ya wachora ramani ina mtu mmoja anayeitwa zikianza kelele za "oya faili halifunguki", na kwa miaka kadhaa huyo mtu ni mimi, sio kwamba najua sana ila niliharibu mapema kuliko wenzangu. Na mara nyingi nikienda nakuta programu haina kosa, ni vitu watu wameaminishana tangu chuo.

Kwa wageni kidogo. Revit ni programu tunayochorea majengo. Mradi wa timu una faili mama linakaa kwenye seva, halafu kila mtu anachora kwenye nakala iliyoko kwenye kompyuta yake, ndo tunaiita lokali. Ukisinki, ya wenzako inashuka kwako na ya kwako inapanda kwa mama. Basi, tuendelee.

"Mbona nimeshasevu?"

Umesevu kwako. Kusevu kunaandika kwenye lokali tu, mama hana habari. Jamaa wa meza ya pili anasubiri ngazi uliyohamisha, wewe unaapa umesevu tangu saa nne, yeye akifungua anaona ngazi iko palepale, mnaanza kutazamana vibaya. Mpaka usinki ndo ataiona, na yeye naye avute mabadiliko, maana kwake hayaji yenyewe. Kuna kitufe cha kuvuta ya wenzako bila kupeleka ya kwako, mimi nakitumia sana nikiwa nimechora upuuzi ambao sitaki bosi auone bado.

Na usiende kula bila kusinki. Ukuta ukiugusa tu unaandikwa umeuazima wewe, mwingine hawezi kuubadilisha mpaka uuachie, na unauachia ukisinki. Nishaona watu watatu wamekaa wanamsubiri mtu mmoja aliyeenda kununua chipsi.

"Lokali ni faili langu, nalitunza"

Hii ndo kubwa kuliko zote. Fungua Documents ya mtu yeyote ofisini utakuta kuna Ghorofa_hp, kuna Ghorofa_hp nyingine yenye tarehe na saa mwishoni, kuna Ghorofa_hp_FINAL, kuna Ghorofa_hp_FINAL_hii ndo yenyewe. Ukimuuliza leo amefungua ipi anakuna kichwa. Wengine wana lokali ya mwezi mzima wanaifungua hiyohiyo kila asubuhi, na wanajisifu eti inafunguka haraka.

Lokali ni kama sufuria la kupikia, ukimaliza unaosha, hulali nalo. Kila asubuhi nenda kwenye faili mama, hakikisha ile tiki ya kuunda lokali mpya ipo, fungua. Itakuuliza kuna nyingine ya jina hilihili niifute au niongeze saa kwenye jina? Kama jana ulisinki kabla ya kuondoka, mwambie afute. Watu wanaogopa hapo wanachagua kuongeza saa, ndo ule msururu wa mafaili unapoanzia. Na kama hukusinki jana, usibonyeze chochote kwanza, fungua ile ya zamani usinki, ndo urudi.

Halafu hiyo "hp" mnaionaje? Revit inabandika jina la mtumiaji mwishoni mwa jina la lokali. Kama mtu hajaingia kwenye akaunti yake ya Autodesk, wale wenye Revit, programu inachukua jina la kuingilia la Windows. Sasa ofisi imenunua kompyuta tano, fundi kaziweka zote jina "hp". Kwa Revit hao watano ni mtu mmoja, kwa hiyo wote wanaruhusiwa kugusa ukuta uleule, fujo inakuja kuonekana kwenye kusinki, mmoja anapita mwingine anakataliwa pamoja na kazi yake ya siku nzima. Badilisha jina kwenye mipangilio, ni dakika moja.

"Nakopi mama kwenye flashi, nitamalizia nyumbani"

Hapa nina kovu. Ijumaa moja nikakopi, nikaenda nalo nyumbani. Sikujua kwamba faili mama linakumbuka anwani yake. Ukilibeba ukaliweka kwingine halijageuka kuwa mama mwingine, Revit inatoa onyo kwamba limehamishwa kutoka sehemu fulani, ile meseji ndefu tunayoifunga wote bila kusoma. Mimi nikaona tatizo ni meseji, nikalisevu upya kama faili mama humohumo kwenye flashi ili inyamaze. Dah.

Jumatatu nina mama mmoja mwenye vyumba vya ghorofa ya tatu vimepangwa safi kabisa, na seva ina mama mwingine ambaye wenzangu walikuja Jumamosi wakahamisha nguzo. Hakuna kitufe cha kuwapatanisha hao. Nilikopi na kupesti kipande kwa kipande mpaka saa tatu usiku, bafu moja likaishia juu ya nguzo, mkubwa wangu anapita anatingisha kichwa tu.

Ukitaka kuondoka na kazi, ondoka na lokali yenyewe kwenye laptopu, na kabla hujatoka kwenye mtandao wa ofisi chukua wokseti (yale mafungu ya vitu ambayo mradi umegawanywa) utakazozigusa ziwe kwa jina lako ili wenzako wazikute zimefungwa. Ukirudi unasinki, unaziachia. Na kama unataka kuangalia tu au kumuonesha mteja, kuna tiki ya kuditachi, linafunguka likiwa limekatwa kitovu, chezea utakavyo.

"Si tuweke mama Dropbox basi"

Hapana. Dropbox inakopi faili kwa kila mtu kupitia intaneti, kwa hiyo kila kompyuta ina mama wake kwenye folda, na haijui nani ameazima nini, wawili wakisinki karibu karibu unapata mafaili mawili na ugomvi. Google Drive ni yaleyale. Autodesk wana huduma yao ya wingu ya kazi hii, inalipiwa, ndo maana watu wanatafuta njia ya panya.

"Lokali ndo bakapu"

Ndiyo na hapana. Bakapu ya mradi ipo kwenye ile folda ya _backup pembeni ya faili mama, kawaida inabeba matoleo 20 ya nyuma, na mle ndani usifute wala kubadili jina la kitu hata diski ikijaa, maana na kumbukumbu za nani ameazima nini zimo humo.

Ila kuna siku umeme ulikatika katikati ya kusinki, seva haina UPS, faili mama likagoma kufunguka kabisa. Tukauliza nani amesinki mwisho, ikawa ni dogo wa mafunzo, alisinki saa saba kasoro akaenda kula. Tukachukua lokali yake tukaisevu kama faili mama jipya, wengine wote tukafuta za kwetu tukaunda mpya kutoka hapo, waliokuwa hawajasinki tangu asubuhi wakarudia kuchora. Mmoja wao alikuwa na ile FINAL_hii ndo yenyewe, akaifungua kwa matumaini, ya wiki mbili nyuma.