Kubadilisha lenzi bandia ya jicho: maana yake, na kwa nini daktari haikimbilii

Mtu ametolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi bandia. Siku ya kurudi kliniki anausoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini. Daktari anaridhika, lakini mgonjwa haridhiki. Usiku kila taa ya gari inamfikia imevaa duara la mwanga na miale inayochoma. Mwingine haoni miale. Yeye ana kivuli cheusi pembeni, upande wa sikio, chembamba na kilichopinda kama mwezi mwandamo, na kila akigeuza jicho kinamfuata. Akilalamika anaambiwa jicho ni zima. Na kweli ni zima. Ndipo anapouliza swali ambalo madaktari wa macho wamelizoea: kwa nini lenzi hii isitolewe, iwekwe nyingine?

Upasuaji huo upo, na jina lake ndilo kazi yake: kubadilisha lenzi. Jicho linafunguliwa tena, lenzi iliyomo inatolewa, na nafasi yake inachukuliwa na nyingine ya nguvu tofauti, ya malighafi tofauti au ya umbo tofauti. Haufanani na ule wa kwanza. Siku ya kwanza daktari alitoa lenzi ya asili iliyoingia ukungu na kuacha kifuko chake, ngozi nyembamba sana na angavu, kisha akaikunja lenzi bandia na kuiingiza humo. Lenzi hiyo ina sehemu ya kuonea, kipenyo chake karibu milimita 6, na vikono viwili au zaidi vinavyoishikilia isihame. Baada ya muda kifuko huisinyalia na kuibana, vikono vikazama kwenye kovu. Kuiingiza ni kazi ya dakika chache. Kuing'oa kunataka subira na mkono mwepesi.

Usumbufu wenyewe kitaalamu huitwa disfotopsia, na una sura mbili. Disfotopsia chanya ni mwanga uliozidi: duara, miale, mistari, tao linalowaka pembeni mwa macho. Neno chanya lisikupoteze, halimaanishi jambo jema. Linamaanisha kimeongezeka kitu ambacho hakipo. Disfotopsia hasi ni mwanga uliopungua, yaani kile kivuli cha mwezi mwandamo. Majina yamekaribiana, lakini tiba zake hazikaribiani hata kidogo, na mgonjwa anayesema tu "sioni vizuri" anampa daktari kazi ya kubahatisha.

Mwanga wa ziada unatoka wapi? Wingi wake hutoka kwenye ukingo wa lenzi na malighafi yake. Harold Ridley, daktari wa macho Mwingereza, alipoweka lenzi bandia ya kwanza, London mwaka 1949, alitumia plastiki ngumu ya akriliki, kwa kuwa aliona vipande vya plastiki ya aina hiyo kutoka vioo vya ndege za kivita vikikaa ndani ya macho ya marubani bila kuleta vurugu. Lenzi za leo ni laini na hukunjika, na nyingi zimechongwa ukingo wa pembe kali. Pembe hiyo iliwekwa kwa nia njema: huzuia chembechembe zisitambae nyuma ya lenzi na kukitia kifuko ukungu upya. Lakini ukingo uleule hufanya kazi ya kioo kidogo, mwanga wa pembeni ukiugonga unarushwa mahali pasipo pake kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Akriliki nayo hupinda mwanga kwa nguvu; kipimo chake kwa baadhi ya lenzi hufika kama 1.55, hali lenzi ya asili iko karibu na 1.4. Basi ukaondoa tatizo moja ukakaribisha jingine.

Kuna pia lenzi za masafa mengi, zinazogawa mwanga ili mtu aone mbali na karibu bila miwani. Kwa hizi, duara kuzunguka taa usiku si hitilafu. Ndivyo zilivyotengenezwa, kwa sababu sehemu ya mwanga siku zote huwa nje ya shabaha. Wengi huzizoea. Wachache hawazizoei kabisa, na kwa maoni yangu hawa ndio ambao kubadilisha lenzi kunaeleweka kirahisi zaidi: inatolewa ya masafa mengi, inawekwa ya masafa mamoja, duara linapungua, na miwani ya kusomea inarudi mezani. Ni biashara ya wazi, unatoa hiki upate kile.

Kivuli ni habari nyingine. Hutokea hata lenzi ikiwa imekaa katikati sawasawa na upasuaji ukiwa hauna kasoro. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba mwanga unaotoka pembeni hugawanyika: mwingine hupita ndani ya lenzi na kupindwa, mwingine hupita nje ya ukingo bila kupindwa, na katikati yake kinabaki kipande cha retina ambacho hakipati kitu. Lenzi ya asili ilikuwa pana na nene, haikuacha mwanya huo. Kwa hiyo ukitoa lenzi moja na kuweka nyingine ndani ya kifuko kilekile, mwanya unaweza kubaki palepale na kivuli chake. Kinachosaidia zaidi ni kuhamisha mahali pa lenzi: sehemu ya kuonea inachomolewa na kukalishwa mbele ya mdomo wa kifuko huku vikono vikibaki ndani, au lenzi nyembamba ya pili inaongezwa mbele ya ile ya kwanza, au lenzi mpya inakaa nje ya kifuko kabisa, nyuma tu ya mboni.

Kipimo kidogo cha kutofautisha: mboni ikisinyaa kwa matone ya dawa, mwanga wa ziada mara nyingi hupungua, lakini kivuli huweza kuzidi. Na mwenye kivuli akikinga kwa kiganja mwanga unaotoka upande wa sikio, mara nyingi kivuli hufifia. Ndiyo maana wengine huponea miwani yenye fremu nene, na upasuaji hauna haja tena.

Lakini kabla ya kuilaumu lenzi, yapo ya kukaguliwa: macho makavu, nguvu ya lenzi iliyokosewa kidogo, astigmatizimu iliyobaki (mviringo wa jicho usio sawa unaotia picha ukungu), ugonjwa wa retina. Tahadhari moja isisubiri miadi: vimulimuli vinavyowaka hata gizani, madoa mengi yanayoelea ghafla, au pazia linaloshuka mbele ya jicho. Hizo ni dalili za retina kuchanika au kubanduka, na ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Ikithibitika kuwa ni lenzi, kwa kawaida daktari husema tungoje. Hakukwepi. Ubongo hujifunza kupuuza. Kivuli huwapata wengi siku za mwanzo, lakini baada ya mwaka wanaobaki nacho ni wachache tu kati ya kila 100. Hata hivyo kungoja kuna gharama, maana kila mwezi unaopita kifuko kinazidi kugandamana na lenzi. Daktari anapima kati ya hayo mawili, na miezi kadhaa ndiyo kadiri ya wengi.

Katika kungoja huko kuna mtego mmoja. Kifuko kikiingia ukungu kidogo, tiba ya kawaida ni leza inayotoboa tundu nyuma yake. Haiumi na huisha kwa dakika chache. Mgonjwa anayelalamika miale anaweza kupigwa leza hiyo kwa kudhaniwa kwamba ukungu ndio sababu. Ikiwa sababu ilikuwa lenzi, malalamiko yanabaki, na sasa sakafu ya kifuko ina tundu. Kubadilisha lenzi bado kunawezekana, ila ute unaojaza jicho unaweza kusogea mbele, na hatari inapanda. Anayefikiria kubadilisha lenzi aliseme hilo kabla ya leza.

Siku yenyewe daktari huingiza jeli ya kitabibu kati ya lenzi na kifuko, kidogo kidogo, mpaka viachane. Kisha huikata lenzi kwa mkasi mdogo sana, au huikunja, itoke kwa njia ya milimita chache. Kikono kilichogoma hukatwa na kuachwa humo, hakina madhara. Kifuko kikichanika, au nyuzi zinazokishikilia zikikatika, lenzi mpya itashonwa au kubanwa mahali pengine. Uvimbe wa retina, kuchoka kwa konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho) na maambukizi navyo vimo kwenye karatasi ya ridhaa, hivyo isomwe.

Na kama ni jicho moja tu lililofanyiwa upasuaji, usumbufu huo usemwe kabla ya zamu ya la pili. Huenda daktari akachagua lenzi nyingine huko. Na wapo ambao kivuli chao kilififia baada tu ya jicho la pili kufanyiwa.