Nakshi ya nyuzi na punje katika dhahabu ya Wafatimi

Mtu akikiona kidani cha Misri cha karne ya 11 hudhani sonara alitoboa bamba la dhahabu. Hakuna kilichotobolewa. Nakshi yote imejengwa kwa waya na vipunje vya dhahabu vilivyolehemiwa pamoja, fani iliyostawi sana Misri na Shamu (Syria na jirani zake) zama za Wafatimi, ukoo wa makhalifa wa Kiislamu walioitawala Misri kuanzia 969 hadi 1171.

Nyuzi mbili nyembamba husokotwa pamoja, hukunjwa kwa koleo dogo, kisha hupangwa ndani ya ukingo wa waya mnene. Nyuma hakuna bamba. Vitepe vyembamba vya dhahabu ndivyo vinavyoshikilia mikunjo, na mwanga unapenya. Kwa hiyo anayetaka kuitambua kazi ya Kifatimi autazame mgongo kwanza. Uso unaigika kirahisi.

Punje huanzia kwenye waya pia. Hukatwa vipande vifupi vya urefu mmoja, hutandazwa kwenye chungu cha kuyeyushia kati ya matabaka ya unga wa mkaa, kisha moto huchochewa. Dhahabu safi huyeyuka kwenye nyuzijoto 1064, na kila kipande hujiviringa chenyewe. Vipande visipolingana, punje hazilingani, na safu nzima inaonekana ya kulipualipua.

Kazi ngumu ni kuzigandisha. Njia mojawapo ya kale ni kupaka gundi iliyochanganywa na unga laini wa madini ya shaba. Gundi ikiungua inabaki kaboni, kaboni inayageuza madini kuwa shaba, na shaba ikikutana na dhahabu, mchanganyiko wao huyeyuka karibu na nyuzijoto 900, kabla punje yenyewe haijalainika. Nafasi hiyo ni finyu. Moto ukizidi kidogo, waya unalegea na kulala. Lehemu ikizidi, inajaza mianya na kuzimeza punje. Uso ukiwa na mafuta au vumbi, punje hupukutika baadaye.

Vitanzi vya ukingoni navyo vina kazi: vilipitishwa uzi wa lulu.

Katikati huwekwa kidirisha cha enameli, yaani kioo cha rangi kilichosagwa na kuyeyushwa ndani ya vijumba vya dhahabu, mara nyingi chenye picha ya ndege. Hutengenezwa pembeni na kupachikwa mwisho, maana moto wa kulehemu ungekiharibu. Kikidondoka kinaacha kisanduku kitupu, na wengi hudhani palikuwa na kito.